Kompyuta kuukuu ipimwe kwanza, mfumo uchaguliwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo swali moja limekuwa mdomoni mwa wengi: mashine inawaka vizuri, ila inagoma Windows 11, ipigwe mfumo gani? Majibu yanayozagaa ni mawili. La kwanza ni kununua mpya. La pili ni kuweka Linux (mfumo wa bure wenye aina nyingi) iliyo nyepesi kupita zote, kisha linafuata jina la mfumo ambao mtoa jibu anaupenda. Hili la pili lina nia njema, lakini linakosea pale pale linapoanzia, kwa kuwa linataja mfumo kabla ya kuijua mashine.

Tufanye hesabu ndogo. antiX, Linux nyepesi sana, ikishawaka, kabla hujafungua chochote, hutumia kama MB 200 hadi 300 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Linux Mint yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini, hutumia kama MB 700 hadi 900. Sasa fungua kivinjari: barua pepe kwenye kichupo kimoja, video kwenye kingine, tovuti ya habari iliyojaa matangazo kwenye cha tatu. Kivinjari peke yake kitapita GB 1 bila kutoka jasho, na kitakuwa na uzito ule ule uwe umeweka antiX au Mint. Mwenye RAM ya GB 4 akichagua mfumo mwepesi kupita wote anaokoa nafasi ya vichupo viwili vitatu, na anapoteza urahisi wa kila siku kama dirisha la kuweka draiva kwa kubofya. Mwenye GB 1, hizo MB 500 ndizo uhai wenyewe. Jibu moja haliwezi kuwafaa wote wawili.

Kupima kwenyewe hakuchukui dakika kumi. Kama Windows bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na usome mistari mitatu: System Type (aina ya mashine), BIOS Mode (namna inavyowaka), na Installed Physical Memory (kiasi cha RAM). Mstari wa kwanza ndio unaosomwa vibaya mara nyingi, na kosa hili lina chanzo chake. Kompyuta nyingi za GB 2 ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32 (muundo wa zamani) ilhali prosesa yake ni ya biti 64 (muundo wa sasa). Mtu anaona "32-bit" kwenye dirisha la mipangilio, anapakua mfumo wa biti 32, na anajifungia nje ya karibu kila kitu cha kisasa bila sababu. Kwa hiyo usiishie hapo: kwenye ukurasa wa About wa Windows 10 mambo hayo mawili yameandikwa mstari mmoja, mfumo ukitangulia na prosesa ikifuata. Kinachotakiwa ni cha prosesa: kikisema x64, mashine ni ya biti 64, hata kama Windows iliyomo siyo. Windows ikiwa imekufa, washa kwa flashi ya Linux, fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika lscpu, na utazame mstari wa CPU op-mode. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, umevuka.

Za Intel tangu Core 2 Duo ya 2006 karibu zote zimevuka. Zinazobaki nyuma ni Pentium M, Core Duo ile isiyo na namba 2, na vile vilaptopu vidogo vyenye Atom N270. Kwa hizo, ukweli hauna ladha nzuri. Debian 13, Linux ambayo nyingine hujengwa juu yake, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 bado inayo, na masasisho yake ya muda mrefu yanakwenda hadi Juni 2028. AntiX 23 imejengwa juu ya hiyo Debian 12, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa mashine za aina hii. Lakini kivinjari kimeshaanza kuzikimbia. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox ya kawaida ilikomea toleo la 144, wakati toleo lake la muda mrefu, ESR 140, liliahidiwa hadi Septemba 2026. Mashine ya biti 32 leo ni ya kazi moja: kuandika, kupiga muziki, kuhifadhi mafaili, kumfundisha mtoto kibodi. Miamala ya benki isifanyiwe humo.

Diski inastahili maneno mengi kuliko mfumo wenyewe, maana malalamiko mengi ya "kompyuta imechoka" ni malalamiko ya diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika ina kichwa kinachohama huku na huko kutafuta vipande vya mafaili, na kwa sekunde moja inaweza kufanya misako ya namna hiyo mia moja hivi, si zaidi. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya kawaida kabisa hufanya maelfu kwa maelfu. Mfumo unapowaka, au kivinjari kinapofunguka, kinachosomwa si faili moja kubwa bali maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika. Ndiyo sababu SSD inasaidia hata kwenye mashine ya mwaka 2009 yenye SATA ya pili (njia ya kuunganisha diski), inayokomea MB 300 hivi kwa sekunde. Watu husema "hiyo njia ni ya polepole, SSD itapotea bure". Haipotei, faida yake haiko kwenye kasi ya kunakili filamu, iko kwenye ile misako midogo midogo. Ukiwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine yenye GB 4, badilisha diski, acha RAM.

Kama diski ya zamani inabaki, ikaguliwe kabla ya kuwekewa chochote. Kwenye Linux ya flashi sakinisha smartmontools, zana za kukagua diski, kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda, ukihakikisha kwanza kwa lsblk kwamba sda ndiyo diski ya ndani wala si flashi yenyewe. Tafuta Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, usome namba ya mwisho kulia. Ya kwanza ikiwa na vitu vichache na haisogei, diski inaweza kuendelea chini ya uangalizi. Ya pili isipokuwa sifuri, maana yake kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Ikiongezeka kati ya leo na kesho, ondoa mafaili yako humo haraka. Kupiga mfumo mpya juu ya diski ya namna hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Windows "itaganda" tena, Linux nayo itaganda, na lawama atabebeshwa asiyehusika.

RAM ina mtego mmoja. Laptopu nyingi za 2013 na kuendelea hutaka DDR3L, ya volti 1.35, wakati DDR3 ya kawaida ni ya volti 1.5. Umbo lake ni lile lile na pengo liko pale pale, kwa hiyo inaingia bila ubishi, ila mashine inabaki na skrini nyeusi. Soma kibandiko cha ile iliyomo kabla ya kutafuta nyingine: PC3L ni tofauti na PC3. Ukishaongeza, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku mzima. Kosa moja tu likitokea kwa rangi nyekundu, kipande hicho au sehemu kilipochomekwa kina tatizo.

Na ile betri ndogo bapa ya CR2032 kwenye ubao mama! Inakufa kimya kimya, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi kila ukichomoa umeme, kisha kivinjari kinakataa kila tovuti salama kwa madai kwamba cheti chake hakijaanza kutumika. Wapo waliopiga mfumo upya mara tatu kwa tatizo la betri hiyo.

Baada ya vipimo, kuchagua kunakuwa kwepesi. RAM chini ya GB 2: antiX, au Puppy ambayo hujipakia yote kwenye RAM na kuiacha diski ipumzike. Yenye GB 2 na biti 64: Lubuntu, au Debian yenye Xfce au LXQt. Yenye GB 4: Linux Mint ya Xfce, ambayo mfululizo wake wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na una masasisho hadi 2029. Yenye GB 8 na SSD: weka unachokipenda, hata Mint ya Cinnamon yenye madoido yake, kwa kuwa hapo mashine si kuukuu kwa maana yoyote ya kikazi. Kuna pia ChromeOS Flex ya Google, inayotaka GB 4 za RAM na GB 16 za diski. Inamfaa mtu ambaye maisha yake yote ya kompyuta yamo ndani ya kivinjari, lakini ajue mambo matatu: ukiisakinisha inafuta diski nzima, haikubali kukaa pamoja na Windows, na programu za Android za simu hazimo.

Sehemu ya Windows inahitaji ukweli zaidi kuliko inavyopewa. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa jumla Intel Core ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Vizuizi hivyo vinarukika. Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwakia, inavirukisha kwa kuweka tiki. Kuruka huko kuna mwisho wake. Kuanzia toleo la 24H2, prosesa isiyo na amri za SSE4.2 na POPCNT haiwaki kabisa, na Core 2 Duo zote zimo humo. Hakuna tiki ya kuokoa kitu ambacho hakimo kwenye silikoni. Kwa zile zinazowaka, Microsoft inasema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa masasisho, na toleo jipya la kila mwaka huwa halijiingizi lenyewe, inabidi urudie kazi ya flashi. Kama unalazimika kubaki na Windows kwa ajili ya programu ya hesabu isiyo na mbadala, mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watu binafsi ulipangiwa kufika 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kuhama, usiugeuze makazi.

Windows 7 tunaiona bado ikipigwa kwa hoja kwamba "ni nyepesi na ndiyo iliyozaliwa na mashine". Masasisho yake yalikwisha 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109. Mahali pekee inapostahili kubaki ni kwenye mashine inayoendesha kifaa maalumu, kama mashine ya kukata chuma au skana ya maabara, ambacho draiva yake haikuandikwa tena. Hapo iache, ila chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, mafaili yapite kwa flashi iliyokaguliwa.

Kabla ya kufuta Windows, andika kwenye karatasi programu unazotumia kweli na vifaa unavyochomeka. Baadhi ya printa ndogo za leza hazina akili yake mwenyewe, hutegemea draiva ya Windows kuzichorea kila ukurasa, nazo ndizo zinazokwaza. Za HP nyingi hukubali kwa HPLIP, draiva za HP kwa Linux. Hati za Word hufunguka kwenye LibreOffice, na ukiweka fonti ya Carlito mahali pa Calibri mistari haihami, kwa kuwa vipimo vya herufi zake vinalingana. Makro za Excel ndizo zisizoaminika, zijaribu mapema.

Kuandaa flashi: GB 8 inatosha. Baada ya kupakua faili la ISO (lenye kisakinishi cha mfumo), lihakiki. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe mlolongo wa herufi unaotokea na ule ulio kwenye tovuti ya mfumo. Upakuaji uliokatika katikati hutoa kisakinishi kinachofia asilimia 60, na mtu huishia kulaumu diski. Kuburuta ISO na kuiacha ndani ya flashi hakuifanyi iwake. Inaandikwa kwa Rufus au Etcher. Ndani ya Rufus, kama BIOS Mode ilisema Legacy, chagua MBR; ikisema UEFI, chagua GPT. Menyu ya kuwakia hutoka kwa F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP, na kitufe cha Option kwenye Mac za Intel.

Usisakinishe papo hapo. Washa mfumo ukiwa kwenye flashi na ujaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Hili la kifuniko wengi hulisahau, halafu wanagundua wiki ya pili kwamba laptopu ikilala haiamki. Kasi usiipime hapo, flashi ya USB 2.0 ni ya polepole kwa asili yake. Wi-Fi isipoonekana, hasa zile za Broadcom, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha umalize usakinishaji na uweke draiva kupitia Driver Manager ya Mint. Skrini ikiwa nyeusi baada ya nembo, rudi kwenye menyu ya GRUB (ile ya mwanzo wa kuwaka), bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset, kisha F10. Mabadiliko hayo ni ya safari moja tu, hayaharibu kitu.

Kisakinishi kisipoiona diski ya ndani, mara nyingi BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) imeipanga kama RAID au RST. Igeuze iwe AHCI. Anayetaka kubaki na Windows pembeni asigeuze ghafla, maana Windows itagoma kuwaka. Aiandae kwanza kuwaka kwa Safe Mode, abadilishe BIOS, aiache iwake mara moja humo, ndipo aendelee. Vilevile aizime BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows), au angalau anakili ufunguo wake wa dharura mahali pengine. Na Windows izimwe kabisa kwa shutdown /s /t 0, kwa sababu kuzima kwa kawaida huiacha nusu usingizini na Linux hukataa kuandika kwenye diski yake. Hayo yote hayachukui nafasi ya nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, iliyofunguliwa na kuonekana inafunguka kabla ya kubofya neno la kufuta.

Mfumo ukishakaa, kwa mashine ya GB 2 au 4 kazi moja inalipa kuliko zote. Sakinisha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, uwashe upya. Sehemu ya RAM itatumika kuhifadhi kurasa zilizobanwa, ambazo kwa kawaida hupungua hadi nusu au theluthi, na mashine itachelewa kuanza kusaga diski. Kwenye Firefox weka uBlock Origin, kizuia matangazo. Matangazo hula prosesa kuliko habari unayosoma. Video zikikatakata, tatizo ni namna zilivyosimbwa: laptopu nyingi za 2011 hadi 2015 zina chipu inayofungua usimbaji wa H.264, wakati tovuti huleta VP9 au AV1 na kuiachia prosesa mzigo wote. Kiendelezi cha enhanced-h264ify huilazimisha YouTube kuleta H.264. Shusha hadi 480p na feni itanyamaza.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapa ushauri wa mfumo kwa kompyuta za zamani, pembeni ya jina la mfumo wekeni vitu vitatu: ni wa biti ngapi, unataka RAM kiasi gani ukiwa na kivinjari kilichofunguliwa, na masasisho yake yanakoma tarehe gani. Msomaji mwenye Atom N270 atajua mstari wa kwanza kabisa kwamba makala hayamhusu, na hatapoteza vifurushi vyake kupakua GB 3 zisizowaka.

Wenu,
Mafundi wa kompyuta